Swichi Tatu Katikati

Nilipoingia kwenye nyumba ya msiba wa Kapteni Leopoldi, pale Biharamulo, kitu cha kwanza nilichokiona ni redio ya sebuleni iliyofunikwa kwa kitenge. Televisheni nayo ilikuwa imegeuzwa uso ukutani, na wajukuu wenye simu walikuwa wamefukuziwa nyuma ya jiko. Ndivyo tulivyo huku kwetu. Mtu akianza kukata roho, mpaka atakapozikwa, nyumba haipigi kelele za mashine. Nilikaa kwenye mkeka pamoja na akina mama wengine, nikapewa chai ya rangi na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Mimi ni mwanamke mzima, nimezika wazazi, mume na mtoto mmoja, lakini sijawahi kuogopa kukaa msibani kama nilivyoogopa siku ile. Njia nzima kutoka Ngara, basi lilipopita Benaco na kuingia kwenye ule msitu mrefu, nilikuwa nikijiambia kwamba nitasalimia, nitalia kidogo, nitarudi nyumbani. Lakini mjane, Mama Leoni, alikuwa akinitazama kutoka upande wa pili wa chumba, na mimi nilikuwa na neno la kumwambia ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote tangu mwaka wa vita ya Kagera.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikiendesha redio ya mawasiliano katika hospitali moja ya misheni. Chumba changu kilikuwa kati ya stoo ya dawa na chumba cha kufulia. Kilikuwa na meza, kiti, betri mbili za gari sakafuni na dirisha dogo ambalo tulilibandika karatasi nyeusi vita vilipoanza. Ukuta wa upande wa kufulia ulikuwa mwembamba, kwa hiyo habari nyingi za vita sikuzipata redioni, nilizipata kwa wafuaji. "Jana imepita ndege," mmoja angesema, akipiga shuka kwenye jiwe. "Ya nani?" "Unadhani imeandikwa jina tumboni?" Kisha wangenyamaza wote na mimi ningenyamaza upande wangu, mkono kwenye meza, nikisikiliza angani. Sukari ilikuwa imeadimika, sabuni tuliigawana kwa vipande, na kila kijiji cha ujamaa kilikuwa kimeambiwa na mabalozi wa nyumba kumi: mkisikia mngurumo, kimbieni kwenye mihogo mlale kifudifudi. Watu wa pwani wanaosimulia vita ile husimulia nyimbo na maandamano. Sisi tuliokuwa huku tunakumbuka shingo zilizouma kwa kutazama juu.

Kapteni Leopoldi alikuwa rubani wa kindege cha hospitali, chenye injini moja, ambacho tulikitumia kuchukua wagonjwa kutoka vijiji visivyofikika kwa barabara. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kuimba tenzi za kanisani kwa sauti ya chini akiwa anakagua matairi. Kabla ya vita alikuwa akiruka peke yake. Vita vilipoanza, redio za ndege zikawa tatu na zote zikawa na maneno kwa wakati mmoja: moja ya uwanja wa ndege, ya pili ya wanajeshi waliolinda anga, ya tatu ya masafa marefu iliyotuunganisha na hospitali na vituo vya misheni hadi ng'ambo ya ziwa. Siku moja alikuja kwenye chumba changu akanikuta nakunywa uji. "Shikamoo Kapteni," nikasema. "Marahaba. Veneranda, maliza uji uje tupande. Mimi nitashika ndege, wewe utashika sauti." Nilidhani ananitania. Nilikuwa sijawahi kupanda hata lori bila kutapika.

Kitu alichonikabidhi kilikuwa paneli ya sauti, kibati cheusi kisichozidi kitabu cha sala, kilichofungwa katikati ya dashibodi. Kilikuwa na kitufe kimoja cha kuzungusha na swichi tatu zilizosimama mstari mmoja. "Kinywa unacho kimoja," aliniambia, akigusa kile kitufe. "Ukikizungushia Moja, wanaokusikia ni uwanja wa ndege. Mbili, ni wanajeshi. Tatu, ni hospitali. Masikio unayo matatu, ndizo hizi swichi. Kila sikio linafunguliwa na kufungwa peke yake. Ukiipandisha juu, sauti inatoka kwenye spika ya darini. Ukiishusha, inakwenda kwenye hedifoni. Ukiiacha katikati, hiyo redio kwako imekufa." Hedifoni zetu zilikuwa zimeharibika na mpya hazikuwa zikipatikana, kwa hiyo swichi zote zilikaa juu na kila kitu kilitoka kwenye spika, mikwaruzo na maneno pamoja. Nikamuuliza, "Kwa hiyo ninaweza kuzungumza na mtu huku nimemfungia sikio?" Alinitazama kama mtu ambaye amefurahi na kuhuzunika kwa wakati mmoja. "Unaweza. Yeye anakusikia, wewe humsikii. Hilo ndilo uliogope kuliko mengine yote."

Nililiogopa, lakini kosa langu la kwanza lilikuwa la kinywa. Nilisahau kitufe kwenye Mbili, nikamwomba matroni sabuni ya chumba cha upasuaji, na sauti nzito ya mwanajeshi ikajibu, "Binti, sabuni hata sisi hatuna." Kapteni alicheka hadi ndege ikayumba. Tangu siku hiyo yule mwanajeshi akanijua. Sikuwahi kuiona sura yake, nilijua tu kikohozi chake na namna alivyovuta maneno. Utaratibu ulikuwa kwamba kabla ya kufika juu ya mashamba ya Kaniha, penye kambi yao, niite kwenye Mbili, nitaje neno la siku, lile la siri, kisha ningoje. Mimi sikuweza kumwita mtu mzima bila kumsalimia, hata angani. "Shikamoo afande, hapa ndege ya hospitali." "Marahaba binti. Pita." Akisema rudi, tunarudi. Akikaa kimya tunaita tena mpaka mara tatu, na kimya kikiendelea tunapita polepole, taa zikiwaka, kwa sababu mara nyingi betri zao zilikuwa zimekwisha na kila upande ulilijua hilo. Nilipokuwa nikilala nilikuwa nikirudia mpangilio huo mdomoni kama sala, na bado niliamka jasho limenitoka.

Siku ninayoisimulia ilikuwa siku ya mvua iliyokuwa ikitishia bila kunyesha. Tuliitwa Murusagamba kumchukua Skolastika, msichana wa rika langu, ambaye tumbo lilikuwa limejaa na kuwa gumu kwa siku nne. Uwanja wa pale ulikuwa kipande cha ardhi ambacho wanakijiji walikifyeka wenyewe kwa jembe na panga, migomba upande mmoja na maharage upande wa pili. Tulipotua hapakuwa na mtu. Kulikuwa na machela tu kwenye nyasi, mgonjwa juu yake, na kando yake mama mmoja amepiga magoti akiwa amemfunika mwanawe kwa mwili wake. Wengine wote walikuwa wamelala kwenye mihogo. Kapteni alizima injini, akashuka, akapaza sauti kwa Kihangaza kwamba ni sisi, tusaidieni kubeba, na majani yakaanza kusogea hapa na pale, vichwa vikatoka kimoja kimoja. Yule mama alikuwa hajakimbia. "Ningemwacha niende wapi?" aliniambia, ingawa sikuwa nimemuuliza. 

Tulimlaza Skolastika nyuma, mahali palipotolewa viti, mama yake akakaa sakafuni akamshika kichwa. Tuliporuka, mawingu yalikuwa yameshuka, na Kapteni akawa na kazi ya kutafuta njia kati yake, akiinama mbele, hasemi. Redio ya tatu siku hiyo ilikuwa imechachamaa. Kituo kimoja kilikuwa kikisoma orodha ya dawa, kingine kikiomba dizeli, na katikati ya hayo ilikuwa mikwaruzo ya radi. Ya pili nayo ilikuwa ikitoa mazungumzo ya wanajeshi, amri na matusi madogo madogo. Niligeuka kumtazama mgonjwa. Pua ilikuwa imechongoka na macho yalikuwa yametazama mahali ambapo hapakuwa na mtu. Nimekaa hospitali, sikuhitaji kuambiwa. Mama yake pia alikuwa ameona. Aliinua uso, akanitazama mimi, siyo rubani, akasema kwa utulivu ulioniumiza kuliko kilio: "Binti yangu, funga hizo ledio. Mtoto wangu anaondoka. Mtu haondoki kwenye kelele."

Nimeulizwa mambo mengi maishani mwangu na nimejibu mengi kwa uongo. Hili nalijibu kwa kweli: sikuzima kwa bahati mbaya. Ningeweza kuzima ya tatu peke yake. Lakini ile ya pili ilikuwa na matusi, na nilimkumbuka bibi yangu, siku alipokuwa akiondoka, jinsi baba alivyomnyang'anya mjomba redio yake ya mkulima, ile ya betri, na kuitoa nje kama mbwa aliyeingia kanisani. Nikasema moyoni, Salamu Maria kumi tu, halafu ninaziwasha. Kapteni alikuwa akitazama mawingu. Nikaishusha ya kwanza katikati, nikaishusha ya pili, nikaishusha ya tatu. Spika ikanyamaza. Ikabaki injini peke yake, na ndani ya injini sauti ya yule mama akisali kwa Kiswahili cha katekisimu na kumwita mwanawe kwa Kihangaza. Nilisali naye. Skolastika alivuta pumzi ndefu, akaiachia, na nyingine haikuja. Mama yake alimfumba macho kwa kidole gumba, kisha akanishika bega. "Umemsindikiza vizuri," akasema. Nikaanza kulia, na katika kulia nikasahau.

"Kaniha hiyo," Kapteni akasema. "Ita kambi." Nilifuta uso, nikahakikisha kitufe kiko Mbili. Kinywa nilikikumbuka, maana ndicho kilichowahi kuniaibisha. "Shikamoo afande, hapa ndege ya hospitali," nikataja neno la siku. Kimya. "Betri," nikasema, na Kapteni hakujibu. Niliita mara ya pili, nikasema shikamoo tena. Niliita ya tatu. Kule chini, kama nilivyokuja kujua, yule afande alikuwa ameshika maikrofoni kwa mikono miwili. Walikuwa wamepata taarifa ya ndege ya adui na anga lote lilikuwa limefungwa, na tangu nilipoita mara ya kwanza alikuwa akijibu: binti, rudi. Mkubwa wake alikuwa amesimama nyuma yake akisikia ndege inayozungumza Kiswahili kizuri, inayojua neno la siku, inayoambiwa irudi na inayozidi kuja huku ikitoa salamu. Ndege bubu wangeisamehe. Hii iliwatisha.

Kilichofuata nimekiota mara nyingi mno, hata sijui kipi nilikiona na kipi nimekiongeza. Mistari myekundu ilipanda kutoka msituni, myembamba, bila haraka, nikadhani ni cheche za mtu anayechoma shamba. Halafu bawa la upande wangu likagongwa, ko ko ko, kama debe linalogongwa kwa kijiti. Kapteni aliilaza ndege upande, machela ikateleza na yule mama akamlalia mwanawe ambaye hakuwa tena na haja ya kulindwa. Nilifumba macho. Nilikuwa nimeng'ang'ania kiti na nilijilowanisha, nalisema hilo kwa sababu nimekwisha kuzeeka na aibu yake imekwisha. Ghafla spika ikafunguka juu ya kichwa changu na sauti niliyoijua ikawa inalia, haiamrishi tena, inalia: "Binti, rudi. Binti, rudi. Binti, nakuomba." Nilipofumbua macho swichi zote tatu zilikuwa juu. Mti wa kwanza wa msitu ulipita chini yetu karibu kiasi cha kuhesabu majani, na Kapteni alikuwa tayari amegeuza. Nilijiambia kwamba ni ule mtikisiko uliozirusha. Swichi zile zilikuwa ngumu, zilitaka kidole, lakini niling'ang'ania kwamba ni mtikisiko.

Tuliruhusiwa kutua karibu na kambi baadaye, mchana ukiwa umeanza kupoa, na wanajeshi wakatupeleka kwenye kantini yao, jengo la mabati lenye meza moja ndefu. Tuliwekewa ugali na maharage. Yule mama alikataa kuachana na maiti, akakaa nje nayo. Aliingia askari mfupi, mwenye mvi, akikohoa, na kabla hajafungua kinywa nilijua ni nani. Alisimama mbele yangu. "Nimekuita mpaka sauti ikaniishia," akasema. "Kwa nini hukuniitikia?" Nilitazama ugali. Mkubwa wake akauliza kwa ukali, nani alikuwa ameshika redio. Nilikuwa mimi. Kila mtu pale alijua nilikuwa mimi, kinywa changu kilikuwa kimesikika kambi nzima. Niliwaza gereza, niliwaza kuitwa msaliti, maana mwaka ule watu walichukuliwa kwa kidogo kuliko hicho. Na wakati nikitafuta sauti yangu Kapteni aliweka tonge chini, akasema: "Kuita aliita yeye. Redio nilizima mimi." "Kwa nini?" "Kulikuwa na mtu anakata roho."  Wale askari wengine, watoto wa watu kutoka vijiji kama vyetu, waliinamisha vichwa. Kapteni hakufungwa, lakini hakuruka tena. Walimnyang'anya kibali cha kuendesha ndege, na aliishi miaka yote iliyobaki akiendesha lori la pamba, akitazama juu kila kitu kilipopita angani.

Mimi nilikaa kimya. Nilikaa kimya kantini, nikakaa kimya hospitali, vita vikaisha nikaendelea. Nilimtembelea Kapteni kila baada ya miaka michache, nikimpelekea ndizi za kwetu. Tulizungumza habari za mvua, bei ya pamba, watoto wa fulani. Chai ilikuwa inapoa mbele yangu na maneno yalikuwa yamefika kwenye meno, kisha nilikuwa nasema, Kapteni, ngoja niwahi basi. Niliogopa akijua kwamba si yeye aliyepoteza mbawa zake bali mimi niliyezikata, atanichukia. Nilishajishawishi kwamba hajui. Nilifikiri alisema vile kantini ili kumwokoa binti mjinga ambaye redio ilimharibikia tu. Woga wa mizinga uliisha na vita. Huu mwingine nilitembea nao mpaka nikawa bibi wa watu.

Watu walipopungua, Mama Leoni aliniita chumba cha ndani. Kulikuwa na kitanda kilichotandikwa shuka jeupe, viatu vya marehemu chini yake, na juu ya stuli kile kibati cheusi. Kapteni alikuwa amekiomba siku ndege ilipovunjwa kuwa vyuma chakavu. Nilipokiona nilikaa kitandani bila kukaribishwa. "Mama Leoni," nikasema, "siku ile, mzee hakuzima redio. Nilizima mimi." Nilingoja anitoe nje.

"Najua," akasema. Alikaa kando yangu. "Alinieleza wiki ileile. Alikuona. Alisema uliinua mkono, moja, mbili, tatu, akataka kukwambia uache ya pili. Halafu akamsikia yule mama anavyosali, naye akashindwa. Akasema, nitangoja kidogo. Mlipoanza kupigwa akaziinua mwenyewe."

"Na kantini alisema uongo kwa ajili yangu."

"Hapana. Nilimuuliza hilo hilo. Akaniambia, nilimwona, nikamwacha, kwa hiyo aliyezima ni mimi."

Nililia, na aliniacha nilie. Kisha akaniambia kitu ambacho ningependa nisingekisikia, na ambacho sasa siwezi kukaa siku bila kukikumbuka. Kila nilipokuwa nimekuja na ndizi zangu na kuwahi basi, mumewe alikuwa akikusanya vikombe na kusema, leo nilidhani atasema. Hakutaka kuanza yeye, kwa sababu aliona akianza yeye itakuwa kama ananidai. Tulikaa hivyo, watu wawili waliokuwa na kosa moja, kila mmoja akimwogopea mwenzake.

Aliniwekea paneli mapajani. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoikumbuka. Swichi zote tatu zilikuwa katikati, na baada ya miaka yote ile ya kutouliza, niliuliza.

"Nani ameziweka hivi?"

"Mimi," akasema Mama Leoni. "Juzi asubuhi. Kauli ilikuwa imekwisha kumwisha. Tulikuwa tumeshazima redio ya sebuleni, watoto wamezima simu, lakini yeye alikuwa anaendelea kuonyesha stuli kwa kidole. Nikashusha swichi moja katikati, akaendelea. Nikashusha ya pili, ya tatu. Ndipo akalaza mkono."